Saidi, kabla hujang'oa hilo gego

Sahibu yangu Saidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, shemeji yako anakusalimu na kukulaumu kwa pamoja. Najua deni la barua ni langu tangu ule msiba wa Bi Mkubwa, na radhi nitakuomba ana kwa ana. Leo nina haraka. Juma kaniambia unataka kung'oa gego la pili, na kwamba unamsema daktari wako kila unapokaa kuwa hajui kuziba meno.

Mwache kwanza huyo daktari. Asubuhi unaamkaje? Mdomo umekauka mpaka ulimi umenata kwenye kaakaa? Mimi niliamka hivyo miaka na miaka nikisema ni utu uzima. Nikaweka chupa ya maji kando ya mto, mambo yakaisha. Mwaka jana nikazibwa meno matatu, mimi huyu ninayepiga mswaki asubuhi na usiku kama niko kambini!

Daktari wa pili niliyemwendea hakuanza na matundu. Alitazama magego yalivyolika yakawa bapa, akaniambia nitoe ulimi, akaona kingo zake zina alama za meno. Kisha akauliza, "Nyumbani wanakulalamikia kukoroma?" Nikacheka. Shemeji yako, aliyekuwa kakaa pale mlangoni, hakucheka. Akasema, "Kukoroma kwake nimekuzoea. Kinachonitisha ni anaponyamaza."

Kumbe ndiyo yenyewe, Saidi: maradhi ya pumzi kukatika usingizini. Ukilala misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, halafu ubongo unashtuka, nawe unavuta hewa kwa kishindo. Huamki sawasawa, kwa hiyo asubuhi hukumbuki kitu. Nilipimwa usiku kucha, nyaya kichwani na kibanio kidoleni: pumzi ilikatika mara 34 kwa saa moja. Kuanzia 30 wanasema ni kali. Nilidhani wamesoma cheti cha mtu mwingine.

Sasa meno yanaingiaje? Mtu anayetafuta hewa usiku hulala mdomo wazi, na mate yanakauka. Mate yenyewe usiku ni machache hata kwa mzima. Na kazi yake mimi sikuijua: yanaosha kinywa, yanapunguza ukali wa asidi inayotengenezwa na bakteria, yanarudishia jino madini. Yakikosekana, unapiga mswaki bure. Hapana, si bure, usije ukaacha ukasema Hamisi ndiye aliyekwambia. Ongeza kusaga meno, ambako wengi wenye maradhi haya wanako, na kiungulia kinachopanda mpaka mdomoni ukiwa umelala. Fizi nazo zikikauka zinavimba. Hapo daktari aziba leo, usiku unabomoa.

Ndiyo maana nakwambia kuhusu hilo gego. Kama limeoza mpaka mzizini, ling'olewe, sibishi. Lakini Juma anasema lilipasuka tu, umeamka ukalikuta hivyo. Na iko tiba moja, kifaa cha kuvaa mdomoni usiku kinachovuta taya la chini mbele ili koo libaki wazi. Kifaa hicho hushika kwenye meno, tena meno imara na ya kutosha. Ukiyamaliza kuyang'oa utakipachika wapi? Mimi nilipewa mashine ya kusukuma hewa kooni usiku kwa barakoa. Watoto wananiita rubani. Wiki za kwanza barakoa ilivujisha, mdomo ukakauka kuliko mwanzo, nikataka kuitupa. Wakaniongezea kichombo cha maji cha kulainisha hewa, nikatulia.

Nina jambo jingine, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Ule usiku wa harusi ya Mwajuma, tulipolala chumba kimoja, ulinyamaza mpaka nikainuka kukutikisa. Kabla sijakufikia ukavuta pumzi kama mtu aliyezamia akaibuka. Mara ngapi sijui, nililala. Asubuhi nikakuiga mbele ya watu wote, tukacheka mpaka machozi. Ningekwambia siku ile pengine hilo gego la kwanza… basi.

Nijibu haya, usinijibu kwa vichekesho. Siku ya kung'oa ni lini? Umemwambia daktari kuwa unakoroma, au umemlaumu tu? Kichwa kinakuuma ukiamka? Bado unasinzia ukiwa kwenye usukani, kama siku ile na Juma? Vile vidonge vya usingizi umeacha? Maana vingine vinalegeza koo zaidi. Na nani yuko nyumbani wa kukusikiliza usiku mmoja tu, au nije mwenyewe Ijumaa na godoro langu?

Wako,
Hamisi

Shemeji yako anasema nikija niache mashine, nikukoromee nawe uonje.