Barua ya kufunga muhula: watoto wetu na ramani za mji wao

Kwa Wazazi na Walezi wa Darasa la Tano na la Sita,

Assalamu alaykum warahmatullah.

Ijumaa tunafunga muhula. Ripoti mtazipokea kwa walimu wa madarasa, na mambo ya sare na madaftari nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Barua hii naitumia kwa jambo moja tu: kazi ya sanaa iliyowarudisha watoto wenu nyumbani na mikono myeusi ya mkaa, wakiwauliza maswali juu ya kuta na dari zenu.

Tulianza na karatasi tupu. Kila mtoto alichora kwa kumbukumbu njia anayopita kutoka kwao hadi skuli, hapa Zanzibar mjini. Anayetoka Michenzani alipiga mistari miwili iliyonyooka, akaweka majumba marefu kandoni, akamaliza. Mwenzake wa Mji Mkongwe alijaza karatasi nzima: kona ya muuza kahawa, uchochoro usiopishana baiskeli mbili, baraza wanayokaa wazee baada ya laasiri. Tulipozibandika ukutani pamoja, mabishano yakazuka hapo hapo. Mbona kule njia zimenyooka na huku zimepinda? Mwalimu akawaeleza kwamba majumba ya Michenzani yalipangwa kwa rula baada ya Mapinduzi ya 1964, ilhali Mji Mkongwe ulikua nyumba baada ya nyumba, kila ajengaye akiacha pa kupita. Lugha yetu inaita mchoro wa nyumba na mchoro wa mji kwa neno moja, ramani, na watoto walilishika hilo upesi kuliko nilivyotarajia.

Kisha mwenye nyumba mmoja wa jirani, Mungu amjaalie kheri, akatufungulia nyumba yake ya mawe. Watoto waliingia na futikamba. Chumba cha kwanza upana haukufika mita 3. Cha pili vile vile. Cha ghorofani vile vile, ingawa urefu wake ulikuwa wa kukimbilia. Msichana mmoja wa Darasa la Tano, ambaye darasani husikii sauti yake, aliweka penseli chini akatazama juu kwa muda mrefu, akihesabu boriti kwa kidole. Halafu akasema, "Mwalimu, mti ndio ulioishia hapo."

Ndivyo ilivyo. Boriti zile ni za mikoko, na mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari ya mawe na chokaa hauzidi sana urefu huo. Mwashi alipanga kuta zake kwa kufuata mti. Mimi nimekulia katika vyumba hivyo na nilikuwa mtu mzima nilipolijua. Yeye amelijua kwa sababu alilazimika kuichora dari, boriti moja moja.

Milango nayo waliifanyia kazi: karatasi juu ya nakshi, mkaa ukalazwa ubapa na kusuguliwa, mpaka minyororo, samaki na mayungiyungi yakajitokeza. Sasa wanajua sehemu za mlango, miimo ya pembeni, mfaa wa katikati na kizingiti, maneno ambayo yalikuwa yakipotea vinywani mwa watoto wetu.

Kazi iliyotuchukua wiki nyingi zaidi ni mtaa wa maboksi. Kila mtoto alijenga nyumba yake juu ya ubao mmoja mkubwa. Siku ya tatu hapakuwa na njia. Msikiti umezingirwa, gari la zimamoto halina pa kuingilia, na kila mmoja anadai mwenzake ndiye abomoe. Walikaa chini wakajadiliana saa nzima, walimu wakinyamaza makusudi. Hatimaye kila mmoja alikata ukuta wake vidole viwili, na njia ikapatikana. Halafu tukamwaga kikombe cha maji. Yote yalikwenda kwenye uwanja wa mpira. Hapo ndipo mitaro ikachorwa, na hapo pia tukazungumza habari za Darajani: kwamba palikuwa na daraja kweli, juu ya hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla halijafukiwa, na kwamba Ng'ambo iliitwa hivyo kwa kuwa ilikuwa ng'ambo ya maji.

Mzazi mmoja alikuja ofisini kuniuliza kwa nini mtoto anachora badala ya kufanya hesabu. Nilimwonesha daftari la mwanawe: mita 1 kwa sentimita 2, ukurasa baada ya ukurasa, sehemu na desimali zote sahihi, na hakuna aliyemlazimisha. Naheshimu wasiwasi wake. Kazi hii nitaiendeleza muhula ujao.

Katika likizo nawaomba mambo machache. Msitupe maboksi. Mwacheni mtoto apime chumba anacholala na akichore. Na kama nyumbani yupo babu au bibi anayekumbuka chokaa ikichomwa kwenye tanuu, au fundi aliyewahi kubadilisha boriti, mkalisheni na mtoto alasiri moja amsimulie, kisha mtuambie, tumwalike skuli.

Mtaa wa maboksi uko ukumbini. Tutaufungua kwa wazazi Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua skuli, saa tatu asubuhi. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, tumemwalika pia, kwa sababu watoto wana maswali kuhusu mtaro wa nyuma ya skuli na wamemchorea.

Wabillahi tawfiq,

Mwalimu Mkuu