Tusipande kwa mvua ya kwanza

Ndugu wakulima, salaam. Naona wengi mnaulizana kama mvua ya juzi ndiyo ya kupandia. Nawasihi, msiharakishe. Chimbeni kwanza: udongo ukiwa mkavu kabla ya kufika sentimita 20 hivi, mbegu itaota halafu jua liiue, na kununua mbegu mara ya pili kunaumiza.

Misimu haitabiriki kama zamani. Mvua inachelewa, inamwagika yote kwa siku chache, kisha inakatika mahindi yakiwa yanachanua, wakati yanapohitaji maji zaidi. Ndiyo maana nasisitiza matuta yenye vizuizi vya udongo kila baada ya hatua chache. Maji yanatuama na kuzama badala ya kukimbia na rutuba. Mwenye eneo la ziada apande mtama, unaovumilia ukame kuliko mahindi.

Jumamosi tunachimba matuta hayo pamoja, njooni na majembe.