Waheshimiwa Wabunge, ugonjwa wa kusahau nao una haki ya kasma

Waheshimiwa, wanangu,

Kila Bunge la bajeti likikaa Dodoma, wazee tunatajwa kwa heshima, kisha mafungu yanapita. Safari hii nawaombeni mshike jambo moja: ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao wataalamu wanauita demensia. Mitaani tunasema "ni uzee tu", na hapo ndipo mgonjwa anapopotelea.

Msianze na mashine ya mamilioni ya kupiga picha za ubongo. Anzeni na zahanati. Kipimo cha kwanza kipo, na kilitengenezwa kwa kupima wazee wetu wenyewe wilayani Hai, Kilimanjaro. Kinaitwa IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapewa maneno ayakumbuke baadaye. Halafu mhudumu anapanga njiti za kiberiti mezani, naye apange vilevile. Njiti, si kalamu. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu ukimwambia achore saa atashindwa, na utamwandika mgonjwa ilhali kosa lake ni kutopelekwa shule.

Kipimo hicho hakimalizi kazi. Akishindwa, lazima zitafutwe sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, kaswende, VVU, sonona, hata masikio yasiyosikia. Aliyebadilika ghafla, jana mzima leo anaweweseka, huyo mara nyingi ana maambukizi ya mkojo au mapafu, au amekaukiwa maji; anahitaji matibabu siku hiyohiyo. Dawa nazo ziangaliwe. Piriton ya mafua na amitriptilini ya usingizi huzidisha usahaulifu kwa wazee, na dawa kali za kutuliza wagonjwa wa akili, akipewa bibi mwenye demensia ili tu asisumbue usiku, humwongezea hatari ya kiharusi na kifo. Mhudumu asiyefundishwa haya hana kosa. Kosa ni la bajeti isiyo na mafunzo.

Dawa ya kuponya bado haipo, lakini matunzo yapo. Huko Hai wazee walikaa vikundi vidogo, vikao 14, viwili kwa wiki, wakichangamshwa akili kwa mazungumzo na shughuli walizozizoea. Gharama ni mwezeshaji aliyefundwa, nauli, chai na chumba. Nauli ndiyo huvunja mpango, maana mgonjwa haji peke yake: anakuja na binti yake, na binti huyo siku hiyo hafungui genge. Mkipanga fedha, mhesabuni na yeye.

Mganga mkuu wa wilaya asiyekuwa na fungu hili hatampeleka mzee popote ila hospitali ya magonjwa ya akili. Mirembe ina kazi yake. Si mahali pa kumhifadhi bibi anayeuliza kila saa kama ng'ombe wamerudi. Na kule Kanda ya Ziwa, ambako macho mekundu ya moshi wa jikoni yameshawaponza vikongwe wengi kwa tuhuma za uchawi, bibi anayetangatanga usiku akakutwa kwenye ua wa jirani yuko hatarini kweli. Elimu ya ugonjwa huu iwafikie wenyeviti wa vijiji kwanza.

Sasa utafiti. Vijijini Hai walikuta kama wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia. Wilaya moja si nchi; Kigoma, Lindi na Temeke nazo zihesabiwe, na fedha zake zitoke kwetu, kwa sababu mfadhili akiondoka wahojaji waliofundishwa hutawanyika na daftari hubaki kabatini. Utafiti mwingine hukohuko ulikuta karibu wazee 7 katika kila 10 wana shinikizo la juu la damu, nalo ni mlango mmoja wa demensia. Kwa hiyo dawa ya presha isiyokatika katika zahanati ni sehemu ya ombi hili.

Waziri akisimama kuomba fedha, muulizeni hivi: kasma ya mafunzo ya kipimo cha IDEA ni ipi, ina shilingi ngapi, na mwaka jana zilitoka ngapi? Akijibu kwamba imo ndani ya magonjwa yasiyoambukiza, mwambieni aitoe ionekane.

Mzee wenu.