Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, na tunakushukuru kwa kusimama kwenye meza ya klabu yetu kabla hujaenda kukaa. Wageni wengi hupita wakisema "vizuri, vizuri", wakaendelea na safari. Wewe ulinyoosha mkono.

Tulichokufanyia pale ni hiki. Mwenzetu aliining'iniza rula katikati ya kidole gumba chako na cha shahada, akaiachia bila kukuashiria. Mara ya kwanza ilikupita yote ikaanguka sakafuni, na tunakuomba radhi kwa niaba ya waliocheka. Mara ya tatu uliidaka kwenye alama ya sentimita 20. Rula iliyoanguka sentimita 20 imetumia sekunde 0.2 hivi. Ndani ya muda huo jicho liliona, habari ikafika kisogoni mwa ubongo, uamuzi ukapita, amri ikateremka kwenye uti wa mgongo na kuingia mkononi, misuli ikajikunja. Uliodhani ni mchezo wa watoto ulikuwa kipimo cha neva zako, yaani mishipa ya fahamu, Mheshimiwa, na majibu yake ni ya kawaida kabisa.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mwendo huo wa habari kwenye neva haupimiki. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kwamba ameupima kwa msuli wa chura na neva yake. Aliukuta si wa kasi ya umeme wa kwenye waya, ni wa makumi machache ya mita kwa sekunde. Kwa binadamu neva za haraka hufikia mita 120 kwa sekunde, lakini zile zinazobeba maumivu ya kuvuta hutambaa kwa mita 1 au 2 tu. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye mguu wa kitanda usiku, kwanza unajua kwamba umegonga. Unapata hata nafasi ya kusema moyoni, "sasa yanakuja." Halafu yanakuja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu ilijipa swali moja: tabia ya mtu inakaa wapi mwilini? Tulibishana sana juu ya Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli kule Vermont, Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka, na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 1 ukaingia chini ya shavu lake la kushoto ukatokea utosini. Hakufa. Baada ya muda mfupi alikaa, akaongea. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walimwona si Gage yule tena: mtu mpole na makini aligeuka mwenye matusi na asiyetulia kwenye mpango wowote. Kilichoharibika ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kujizuia na kupanga.

Vitabu vingi huishia hapo, na sisi tunaona vinamwonea. Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa. Kushika hatamu za farasi kadhaa na kuhudumia abiria si kazi ya mtu aliyeharibikiwa kabisa. Ubongo ulioumia unaweza kujifunza upya, hasa maisha yakiwa na utaratibu.

Sehemu hiyohiyo ya mbele ndiyo ya mwisho kukomaa kwa kila mtu, na hukamilika katika miaka ya ishirini na kitu. Hatusemi hivyo ili tujitetee. Mwenzetu aliyemwambia mwalimu wa zamu kwamba amechelewa kwa kosa la paji lake la uso aliadhibiwa, na klabu haikumtetea. Ila lipo jambo moja ambalo tunadhani yeye alikuwa na haki nalo. Mtu akibalehe, saa ya mwili wake husogea mbele. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo, na bado kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Sisi wakati huo tunakuwa tumeshamaliza kipindi cha kwanza, wengine wakiwa wamekilala chote. Tunajua ratiba haiko mikononi mwako peke yako. Tunaomba tu izungumzwe, hata ikianzia kwenye kufupisha masomo ya usiku.

Gage alifariki mwaka 1860, baada ya kuandamwa na vipindi vya kifafa. Hapo ndipo penye ombi letu kubwa.

Muhula uliopita mwenzetu alianguka darasani. Tuliokuwa karibu tunakumbuka mguu wake ukipiga dawati mpaka kiatu kikatoka. Nusu ya darasa ilikimbia. Mmoja alitafuta kijiko amtie mdomoni, mwingine akamlalia asitikisike, wote kwa nia njema na wote wakikosea. Kijiko huvunja meno, na kumbana mtu humuumiza viungo. Ilitupasa tusogeze madawati, tumwekee kitu laini chini ya kichwa, tuangalie saa, na mtikisiko ukiisha tumlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, aitwe mhudumu wa afya haraka.

Seli za ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo, kila kundi kwa zamu yake. Katika kifafa kundi zima hufyatuka kwa pamoja, na mwili hufuata. Basi. Hakuna kinachoambukiza. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, yalishasema, yapata miaka 2,400 iliyopita, kwamba ugonjwa huu unatoka kwenye ubongo. Darasani kwetu habari hiyo ilikuwa bado haijafika: kwa wiki kadhaa dawati lake lilikaa peke yake, na kikombe chake hakuna aliyekigusa.

Tunaomba, kwa msaada wako, mhudumu wa afya aje kutufundisha sote, walimu wakiwemo, namna ya kumhudumia mtu wa namna hiyo. Hadubini yetu ina lenzi iliyopasuka, na tungeshukuru kuipata nyingine, lakini hiyo inaweza kusubiri.

Mwenzetu yule amekubali kukaa mstari wa mbele siku ya mafunzo. Amesema sweta la kuweka chini ya kichwa ataleta yeye.

Naomba kuwasilisha.