Vidole vinakatika wakati wa kutua shiti

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi mageti hapa Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa 19 sasa. Kidole changu cha pete hakina ukucha, na kila anayekiona huuliza, "Grenda hiyo, fundi?" Si grenda. Mwaka 2014 tulikuwa wawili tunashusha shiti ya chuma ya milimita 3 kutoka kwenye kirikuu. Ikiwa ya futi 8 kwa 4, shiti hiyo ina kilo 70 hivi. Mwenzangu alichoka, akatua upande wake bila kuniambia, vidole vyangu vikabaki kati ya chuma na sakafu. Nilikuwa deiwaka, kibarua wa kutwa. Tajiri alinipa nauli ya kwenda hospitali, basi.

Siku hizi kwangu shiti haiingii kabla mbao mbili hazijalazwa chini, ili vidole vipate pa kutokea. Mmoja wetu ndiye anayehesabu. Wengine hawatui mpaka aseme. Kingo zilizokatwa zinapigwa faili kwanza. Glavu za ngozi ni za kubebea, na kwenye mashine ya kutoboa zinavuliwa, maana inaweza kuzinasa ikavuta mkono mzima.

Shiti nyembamba ya geji 16 wengi wanaidharau kwa kuwa ni nyepesi, kumbe ukingo wake ni wembe. Machi mwaka huu kijana wa karakana ya jirani aliona shiti inateleza ukutani, akaidaka kwa mikono mitupu. Ikakata kano ya kidole cha shahada. Jeraha limepona, kidole hakikunji. Vijana, nawasihi: shiti ikiteleza rukeni pembeni, iacheni ianguke. Bati likipinda litanyooshwa.

Wenye karakana, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatutaka tuwape wafanyakazi vifaa vya kinga. Na chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 upo mfuko wa kumlipa anayeumia kazini, lakini mwajiri lazima ajisajili na kuuchangia. Tusimwache deiwaka nje kwa sababu tu analipwa jioni kwa jioni. Yule kijana bado anakuja karakana kila asubuhi. Anapaka mageti rangi kwa mkono wa kushoto, na mama yake ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Fundi mageti,
Tabata, Dar es Salaam