Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu zangu wanachama,

Wengi mmeniuliza kwa nini kamati iliandaa karamu ya kukumbuka mechi moja ya tarehe 30 Septemba 1989. Sisi mashabiki wa Kansas State, timu ya chuo kikuu inayocheza futiboli ya Kimarekani, tunayo makubwa zaidi ya kushangilia. Mwaka 1998 timu yetu iliilaza Nebraska 40-30 na kumaliza mechi zake 11 za msimu wa kawaida bila kufungwa. Mwaka 2003 iliibwaga Oklahoma 35-7 na kutwaa ubingwa wa ligi yetu, Big 12. Lakini karamu niliitaka mimi, na sababu yangu ni hii.

Kabla ya siku ile timu ilikuwa imecheza mechi 30, tangu Oktoba 1986, bila kushinda hata moja. Sare ilikuwa moja tu. Jarida la Sports Illustrated liliiandika kama timu duni kuliko zote Marekani. Kocha Bill Snyder alikuwa ametoka Iowa, na mechi zake tatu za kwanza alifungwa zote. Ya nne wakaja North Texas, timu ya daraja la chini. Mpaka pigo la mwisho la mchezo tulikuwa nyuma. Carl Straw akarusha, Frank Hernandez akadaka ndani ya eneo la mwisho, muda umekwisha: 20-17.

Msimu ule hatukushinda tena. Tulipoteza mechi saba zilizobaki, zote.

Hapo ndipo ninapopapenda. Kocha anapokudai ujirekebishe kidogo kila siku, katika kila jambo, utamvumilia kwa muda, lakini kuna siku lazima uone kwa macho yako kwamba jasho linalipa. Wangemfunga bingwa, watu wangesema ni bahati, na pengine wachezaji wenyewe wangeamini hivyo. Ushindi ule ulikuwa wa kimo chao. Mwaka uliofuata walishinda mechi tano, 1991 saba, na 1993 tisa, ya tisa ikiwa Copper Bowl, mechi ya heshima baada ya msimu, walipoichapa Wyoming 52-17. Snyder hakubadilisha njia yake; vijana ndio waliokuwa wameshaona.

Sasa ya kwetu. Mfuko wa elimu umekaa miaka mingi kwenye katiba bila kutoa senti. Mwaka huu tumemnunulia mwanafunzi mmoja vitabu vya muhula mmoja. Mmoja tu. Siku mama yake alipokuja kutushukuru mkutanoni, ukumbi ulinyamaza, na wiki hiyohiyo wanachama watatu waliokuwa wamekaa kimya muda mrefu walimpigia mweka hazina kuulizia ada. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Safari ya basi kwenda Manhattan, mji wa Kansas ilipo timu yetu, kutazama mechi haikufanyika. Nilichelewa kuitangaza, na nawaomba radhi, hasa wazee waliokuwa wameshajiandaa. Mahesabu yote yamo katika taarifa ya mweka hazina.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: vitabu vya mwanafunzi yuleyule kwa muhula wa pili, na tangazo la safari ya basi litoke miezi miwili kabla ya mechi. Mwanafunzi wa pili tutamtafuta tukishamaliza na huyu.

Wenu katika kuwatumikia,
Mwenyekiti