Bakuli la jirani yako wa Alfama

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Lamu. Mamako mzima, goti lake limetulia, na kaskazi imeanza kuvuma.

Picha zako nimezitazama moja moja. Vichochoro hivyo vya mtaa wako wa Alfama ungeniambia ni Mkomani hapa Lamu ningekubali, ila punda siwaoni. Kuta ni zile zile za kubanana, nguo zimeanikwa madirishani. Hata jina la mtaa si geni: ni al-hamma ya Waarabu, maji ya moto, nduguye hamamu yetu. Wareno walikuja pwani hii na mizinga wakatuachia maneno: meza, leso, bendera na gereza. Wewe umekwenda Lisbon na kompyuta moja begani.

Juzi kwenye simu ulinena mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba majirani wanakutazama kwa jicho baya, na kwamba bibi wa chini alikuletea bakuli la machungwa ulipougua mafua, nalo bado liko kwako. Hilo la pili ulilipita haraka. Mimi nimelala nalo.

Ulinieleza mwenyewe kuhusu viza ya wahamahamaji wa kidijitali, yaani watu wanaofanyia kazi za nje kwenye kompyuta. Ureno ilianza kuitoa Oktoba 2022, na anayeitaka lazima awe na kipato cha mara nne ya mshahara wa chini wa nchi. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa yuro 870, kwa hiyo wewe ulitakiwa uonyeshe 3,480 kwa mwezi. Sikufichi, nilijisifu barazani. Usiku ndipo nikaipiga hesabu ile kwa upande wa yule bibi. Umefunguliwa mlango kwa sababu unawazidi kipato watu wa mtaa wake, na mwenye nyumba naye anajua kuhesabu.

Sisi tumeyaona. Mji wetu ulipotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni walikuwa wameshaanza kununua nyumba za mawe, Shela hasa. Unaikumbuka nyumba ya pili kutoka kwetu? Wenyewe waliuza kwa bei ambayo hata mimi nisingeikataa, wakaenda kujenga nje ya mji. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya. Aliipiga chokaa ikang'ara kuliko siku za babu yako. Lakini huja wiki chache kwa mwaka, na daka la mlangoni mlilokuwa mkichezea bao sasa lina kufuli. Hakuna aliyedhulumiwa. Ila jioni nikitoka msikitini, upande ule sina wa kumsalimu.

Na jina hilo, wahamahamaji, linanichekesha. Waorma huku bara huhama kweli, lakini mfugaji akifika kwenye kisima cha watu huomba kwanza. Nyinyi mkifika mnaomba nini zaidi ya neno la siri la waifai?

Sikuambii urudi. Kazi yako ya Marekani, na mikutano yake ya saa nne usiku, ndiyo inayolipa karo ya nduguyo, na mimi ndiye niliyekusindikiza mpaka jeti ya boti kwa furaha. Kireno jifunze, hata cha sokoni. Na kama paa linavuja au ukuta una ukungu, muulize bibi yeye hufanyaje kabla hujamwandikia mwenye nyumba.

Lakini bakuli, mwanangu. Wiki mbili! Kwetu hapa watu wangeshalisema. Na usilirudishe tupu. Mamako anasema ukaange mahamri. Iliki uliondoka nayo, na tui la kopo litafaa, japo amelitaja kwa kununa. Usitie sukari nyingi, huyo ni mtu mzima. Gonga mlango wake mchana, si baada ya mikutano yako. Lifunike kwa ile leso ya mamako. Akiuliza jina la nguo hiyo, mtajie. Nadhani atalitambua.

Babako